Nyumba Iliyopinda

Msomaji, ukiitazama mara ya kwanza picha ya Little Moreton Hall, nyumba ya kale iliyoko Cheshire katika Uingereza, huenda ukacheka. Kuta zimeinama, madirisha yameegemea upande, na ghorofa ya juu yaonekana kama kofia ya mtu mzima iliyovikwa mtoto. Usicheke upesi.

Jamaa ya Moreton ilianza kuijenga mwanzoni mwa karne ya 16, ikaiongeza kidogo kidogo kwa muda wa miaka mia hivi, nayo imezungukwa na handaki la maji. Mifupa yake ni boriti za mwaloni zilizoungwa kwa ndimi na matundu, zikakazwa kwa vigingi vya mti. Nafasi baina ya boriti zilijazwa fito na udongo, kazi ambayo wewe huhitaji kuelezwa. Udongo huo haubebi kitu. Kiunzi ndicho kibebacho. Kwa hiyo seremala, wala si mwashi, ndiye bwana wa nyumba hii. Mmoja wao, Richard Dale, alilijua jambo hilo: madirisha ya uani ya mwaka 1559 yana jina lake, pamoja na jina la tajiri wake, William Moreton. Naupenda ujasiri wake.

Rangi nyeusi na nyeupe isikudanganye. Weusi ule ni mtindo wa karne ya 19. Zamani mwaloni uliachwa na rangi yake ya asili.

Ila kosa lipo. Wenye nyumba walitamani ukumbi mrefu juu kabisa, wa kutembelea siku za mvua, kama walivyokuwa nao matajiri wa zama zile. Wakaujenga, urefu wake futi 68, wakauezeka kwa mabamba mazito ya mawe. Boriti za chini zikalemewa, zikapinda. Wako wasemao kuwa kupinda huko ndiko uzuri wenyewe. Mimi sikubali. Tamaa ya tajiri ni kosa la ujenzi, hata tukiizoea. Kinachostahili sifa ni kiunzi: ukuta wa mawe ungalipasuka, lakini ndimi zile zilicheza katika matundu yake, zikashika. Baadaye vilitiwa vyuma kuusaidia ukumbi, wala haukunyoshwa.

Ndani ya ukumbi huo, juu ya ukuta wa mwisho, imefinyangwa sanamu ya Bahati na gurudumu lake. Vita vya 1642 vilipokuja, jamaa ile ilisimama upande wa mfalme, ikaingia katika madeni, na nyumba ikapangishwa wakulima.