Kumtazama Mfanyakazi: Uhakiki wa Uchunguzi wa Hawthorne

Katika vyuo vingi vinavyofundisha uendeshaji wa viwanda, mwanafunzi hufundishwa mapema sana kisa cha kiwanda cha Hawthorne. Huambiwa kwamba wataalamu waliongeza mwanga wa taa, kazi ikaongezeka. Wakaupunguza, kazi ikaongezeka vile vile. Basi ikagunduliwa kuwa mfanyakazi huzidisha bidii anapojua kwamba anatazamwa na kujaliwa. Mwanafunzi huyaandika hayo katika daftari, hufaulu mtihani, na siku akipewa umeneja huyatumia kama dawa. Huwachekea wafanyakazi, huwauliza habari za nyumbani, na kutumaini kwamba suala la mshahara litapoa lenyewe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kisa hicho, kwa jinsi kinavyosimuliwa, hakilingani na yale yaliyoonekana kwa macho ndani ya kiwanda kile. Hatupingi njia ya kushuhudia. Mtu anayetaka kujua tabia za watu kazini hana budi aende akakae nao na kuwatazama, kwa maana watu husema moja na kutenda jingine, wala si kwa sababu ya uwongo kila mara. Mara nyingi jambo lililozoeleka halitajwi kabisa. Tunachopinga ni mtafiti kuona jambo kwa macho yake, kisha akalieleza kwa macho ya yule aliyemlipa.

Kiwanda cha Hawthorne kilikuwa Cicero, karibu na Chicago, Marekani, nacho kilikuwa mali ya kampuni ya Western Electric iliyotengeneza vyombo vya simu. Uchunguzi ulianza mwaka 1924 na sehemu zake kubwa zikamalizika mwaka 1932. Taarifa kuu ni kitabu kiitwacho Management and the Worker, kilichotolewa mwaka 1939 na F. J. Roethlisberger wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na William J. Dickson, ambaye alikuwa mwajiriwa wa kampuni yenyewe. Profesa Elton Mayo, wa Harvard pia, ndiye aliyeyaeneza mafundisho yake duniani. Msomaji na aanze kwa kuzingatia hilo: mmoja wa mashahidi alikuwa akila mshahara wa mwenye kiwanda.

Tukichukue kwanza chumba kile maarufu cha kuunganisha rilei. Mwaka 1927 wasichana watano waliwekwa katika chumba cha peke yao, wa sita akiwapa vifaa, na mtazamaji akakaa humo humo akiandika. Wakapewa vipindi vya kupumzika, saa za kazi zikapunguzwa kwa nyakati fulani, na malipo yao yakabadilishwa ili yafuate kazi ya kikundi chao kidogo badala ya kazi ya idara nzima. Kazi iliongezeka sana. Lakini ule msemo wa "kujaliwa" haupatani na jambo lililotokea Januari 1928, pale wasichana wawili kati ya wale watano walipoondolewa chumbani kwa kosa la kuongea mno na kutoshirikiana na wakubwa. Walioletwa mahali pao walikuwa wepesi zaidi wa kazi, na mmoja wao alikuwa na mzigo wa familia uliomfanya aitafute kila senti. Kisha mwaka 1929 ukaja mdororo mkuu wa uchumi, na kila mfanyakazi wa Chicago alijua kwamba nje ya lango kuna foleni ya watu wasio na kazi. Mwaka 1967 Alex Carey, msomi wa Australia, aliupitia ushahidi huu upya, akaona kwamba malipo na nidhamu ya mkubwa vinaeleza ongezeko lile kuliko urafiki wa msimamizi. Mwaka 1978 Franke na Kaul walizipima takwimu zenyewe na kuelekea huko huko. Chumba ambacho mtazamaji anaweza kumtoa mtu asiyempendeza hakiwezi kuitwa mahali pa kutazama tabia ya kawaida ya binadamu.

Hata hivyo, sehemu yenye thamani zaidi katika kitabu hiki ni ile isiyosimuliwa sana vyuoni. Kuanzia Novemba 1931 hadi Mei 1932 walitazamwa wanaume 14 waliotengeneza swichi za simu: wafungaji nyaya tisa, walehemu watatu na wakaguzi wawili. Safari hii hakuna kilichobadilishwa katika kazi. Mtazamaji alipewa meza ndani ya chumba na masharti yaliyo mazuri kabisa: asitoe amri, asiingilie ugomvi, asichungulie mambo kupita kiasi, asimpelekee mkubwa habari za mtu. Mwanzoni watu walimwogopa. Baada ya muda wakamzoea, wakaanza kuvunja kanuni za kiwanda mbele yake: wakabadilishana kazi kinyume cha amri, wakacheza kamari ndogo ndogo, wakagombea madirisha, huyu anafungua na yule anafunga.

Na hapo ndipo alipoona jambo kubwa. Watu wale walikuwa na kipimo chao wenyewe cha kazi halali ya siku, na hawakukivuka, ijapokuwa malipo ya kikundi yangepanda kama wangezidisha. Aliyekimbilia kazi alipigwa ngumi ya begani, nusu mchezo nusu onyo. Aliyetegea sana naye alisimangwa. Kumchongea mwenzako kwa mkubwa lilikuwa kosa lisilosameheka, na mkaguzi mmoja aliyejiona bora kuliko wenzake walimsumbua mpaka akahamishwa. Hesabu za kila siku zililainishwa: aliyefanya zaidi leo aliweka akiba ya kesho, ili mstari wa kazi uonekane umenyooka machoni pa ofisi. Hii ni kazi nzuri ya kushuhudia. Hakuna fomu ya maswali ambayo ingeyatoa hayo.

Wafanyakazi walipoulizwa sababu walijibu waziwazi. Tukizidisha, walisema, bei ya kipande itashushwa, au baadhi yetu wataachishwa kazi, na wale wazito wa mikono watakaripiwa. Je, kitabu kiliwasikiliza? Waandishi walijibu kwamba kampuni ilikuwa na desturi ya kutobadilisha bei ya kipande isipokuwa njia ya kazi imebadilika, na kwamba hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyewahi kupatwa na mambo aliyoyaogopa. Kwa hiyo woga ule hawakuuhesabu kuwa fikira. Wakauita hisia za kikundi, tabia ya watu kujikinga na mabadiliko wasiyoyaelewa. Meneja ndiye mwenye hoja. Mfanyakazi ana hisia tu.

Sasa tuitazame tarehe. Chumba kile kilifungwa Mei 1932 kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha kiwandani. Kampuni iliyokuwa imeajiri watu zaidi ya 40,000 kabla ya mdororo ilikuwa ikiwaachisha kwa maelfu. Yaani watu 14 walisema kwamba kazi ikimalizwa upesi watu wataachishwa, wataalamu wakaandika kwamba hizo ni hisia, na kabla wino haujakauka kazi ikaisha na chumba kikafungwa. Kosa halikuwa la macho, kwa maana mtazamaji aliona na kuandika sawasawa. Lilitoka kwa wale walioyachukua maandishi yake na kuyatafutia maana iliyomfaa mwajiri.

Lipo na jambo ambalo hawakulitazama kabisa. Kampuni iliwahoji wafanyakazi zaidi ya 21,000, lakini chama cha wafanyakazi hakina nafasi katika maelezo ya kitabu kile kinene. Mwaka 1940 Mary Gilson, akikihakiki, alikumbusha kwamba uchunguzi wa Seneti ya Marekani ulionyesha kuwa Western Electric ilitumia zaidi ya dola 25,000 kulipia ujasusi dhidi ya wafanyakazi kati ya 1933 na 1936. Kampuni moja, basi, ilikuwa na watazamaji wa aina mbili, na mfanyakazi aliyemwogopa yule wa mezani siku za mwanzo hakuwa mjinga.

Je, yawezekana kushuhudia kwa namna nyingine? Yawezekana. Mwaka 1944 na 1945 Donald Roy alifanya kazi ya kutoboa vyuma kwa mashine katika karakana moja ya eneo la Chicago. Alilipwa kama wengine, na kila jioni aliandika aliyoyaona na hesabu ya kazi yake mwenyewe. Aliona mambo yale yale ya Hawthorne, lakini kwa kuwa mfuko ulikuwa wake alielewa upesi. Palipokuwa na bei nzuri, watu waliishia kiasi cha dola 1.25 kwa saa, kwa kuogopa bei isikatwe. Palipokuwa na bei mbaya, ambapo hata ungejiua usingeuzidi mshahara wa msingi wa senti 85, walifanya polepole, maana senti 85 wangezipata hivyo hivyo. Hayo aliyaeleza katika makala ya mwaka 1952. Miaka 30 hivi baada ya Roy kufanya kazi hiyo, mwaka 1974, Michael Burawoy aliajiriwa katika karakana ambayo aligundua kuwa ndiyo ile ile ya Roy, naye akauliza swali gumu zaidi: kwa nini watu hawa wanafanya kazi kwa bidii kiasi hiki? Swali hilo halikuwahi kumjia mtu wa Harvard, aliyeanza na dhana kwamba bidii ni deni la mfanyakazi.

Roy naye ana doa. Hakuwaambia wenzake wala wakubwa kwamba anachunguza. Aliwatetea vizuri, lakini wenyewe hawakujua kwamba wanatetewa, wala hawakupata nafasi ya kumsahihisha. Kuhusu hilo, hapa Tanzania ulifanyika mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, kuanzia mwaka 1975 hadi 1979, chini ya Marja-Liisa Swantz, kwa ushirikiano wa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana na Akademia ya Finland. Watafiti wake waliishi vijijini miongoni mwa wakulima na wafugaji, wakasema wazi wamekuja kufanya nini, na wakawataka wanakijiji wajadili matatizo yao pamoja nao badala ya kutazamwa tu. Hiyo ni hatua ambayo si Harvard wala Roy aliyeifikia, na makada wetu wanaotumwa kuchunguza viwanda na vijiji wangefaidika zaidi kwa kuijadili hiyo kuliko kukariri kisa cha taa. Wakiijadili wasiache kuuliza pia kwa nini mijadala iliyofanywa kwa Kiswahili, chini ya miti ya Bagamoyo, iliishia katika majalada ya Kiingereza.