Itikise Kwanza: Kuipima Picha ya Gemu kwenye Kompyuta

Aliyekulia kwenye kahawa, iwe Kamachumu au Nshamba, hanunui maganda kwa macho tu. Anachota kiganja kimoja kutoka kwenye jamvi na kukitikisa karibu na sikio. Buni ikicheza ndani ya ganda, kahawa imekauka. Ikikaa kimya, bado ina maji, hata kama kwa nje imekuwa nyeusi tii. Na mimi hivyo ndivyo ninavyopima picha ya gemu kwenye kompyuta: naitikisa kabla ya kuisifu.

Nasema hivi kwa sababu kosa ninaloliona mara kwa mara hapa Bukoba ni lilelile. Kijana ananunua laptopu ya mtumba iliyostaafishwa kwenye ofisi fulani huko nje. Anaweka Euro Truck Simulator 2, anapandisha kila kipimo hadi mwisho, anaegesha lori kando ya barabara na kupiga picha ya skrini awatumie wenzake. Inapendeza kweli. Lakini akiingiza gia, dunia inaanza kukwama kila kona.

"Kaka, hii mashine wameniuzia mbovu," mmoja aliniambia.

"Mashine haina neno, mdogo wangu. Umeitwisha magunia mawili na bega lake ni la gunia moja."

Nusu saa baadaye alikuwa anaendesha usiku kwenye mvua, na usukani unamwitikia. Hakununua kifaa chochote. Tulipanga tu upya kipi kibebwe na kipi kishushwe.

Unapima nini hasa

Kila unachokiona kwenye gemu ni mfululizo wa fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana haraka. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina takriban milisekunde 16.7 za kuchora kila moja. Ukiridhika na 30, inapata 33.3. Hapo ndipo hesabu yote ilipo: kila pambo unalowasha linakula sehemu ya muda huo.

Usiamini wastani peke yake. Fremu 50 kwa sekunde ni namba nzuri, lakini fremu moja ikichelewa kwa milisekunde 100, jicho linashtuka na mkono unakosea kona. Mimi naichagua 30 isiyoyumba kuliko 50 inayopanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Tena skrini nyingi za laptopu hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani hezi 60. Fremu 30 zinaingia humo sawasawa, kila moja ikionyeshwa mara mbili. Fremu 40 haziingii sawa: nyingine inaonyeshwa mara moja, nyingine mara mbili, na mwendo unachechemea japo namba ni kubwa zaidi.

Jaribio

Euro Truck Simulator 2 ilitoka mwaka 2012, kazi ya SCS Software ya jijini Prague, na hadi leo ni darasa zuri la macho, kwa kuwa menyu yake inakuruhusu kugusa vitu kimoja kimoja. Washa kihesabu cha fremu kilichomo ndani ya programu ya Steam. Kisha usijaribu mchana kweupe kwenye barabara tupu. Ingia mjini usiku, mvua ikinyesha, taa za magari zikimulika lami, ukate kona kwenye makutano. Picha ikistahimili hapo, kwingine kote itastahimili.

Badilisha kipimo kimoja, rudia njia ileile, ndipo uamue. Anayebadilisha vitu vitano kwa mpigo hatajua kipi kimemponya.

Rezolusheni ndiyo inayoanza

Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Ile ya 1366 kwa 768 ina milioni 1 na kidogo. Maana yake ukishuka kutoka ya kwanza hadi ya pili, kazi ya kuchora inapungua karibu nusu. Kwa laptopu isiyo na kadi ya grafiki ya peke yake, hiyo ni nafuu kubwa, ila maandishi yatakuwa na ukungu kidogo. Kama gemu lina kipimo cha kupunguza rezolusheni ya dunia peke yake huku maandishi yakibaki makali, kitumie hicho kwanza.

Rezolusheni inakupa pia kipimo cha ugonjwa wenyewe. Ishushe sana kwa dakika moja. Fremu zikiongezeka, aliyekuwa anaelemewa ni upande wa grafiki. Zisipoongezeka, mzigo uko kwa prosesa, na kuendelea kuharibu picha hakutakusaidia. Hapo punguza wingi wa magari barabarani na umbali wa vitu vinavyochorwa.

Vivuli na vioo

Hapa ndipo watu wengi hupoteza mali bila kujua. Ili kuweka kivuli, kompyuta huitazama dunia upya kutoka upande wa jua, kisha inarudi kuitazama kutoka kwako. Kioo cha pembeni cha lori ni vilevile: barabara ya nyuma inachorwa upya, na kila kioo kina mchoro wake.

Kaa kwenye kiti cha dereva uangalie kioo cha kushoto. Kikiwa kwenye kiwango cha juu kabisa, unaona hadi majani ya mti ulioupita. Nani anayasoma majani kwenye kioo? Dereva anataka kujua kama tela limeipita kona na kama kuna gari ubavuni. Shusha ubora wa vioo hadi hapo, wala usiwe na majuto. Kwenye vivuli simama katikati. Vikizimwa kabisa magari yanaonekana kama yanaelea, kwa sababu kivuli cha chini ya matairi ndicho kinacholikalisha gari ardhini. Kivuli chenye kingo laini za kupendeza ni anasa.

Ngozi ya vitu, kingo na umbali

Tekscha ni ngozi iliyovalishwa vitu: lami, matofali, kitambaa cha kiti. Ikienea kwenye kumbukumbu ya grafiki, haili fremu nyingi, kwa hiyo ipandishe kadiri inavyoenea. Isipoenea utajua upesi: gemu linaganda kidogo kila unapoingia mtaa mpya. Kuna pia kichujio cha anisotropiki, kinachoiweka lami ya mbali ikiwa kali badala ya kuwa uji wa kijivu. Kwenye kadi ya grafiki ya peke yake kinakula muda kidogo sana, na kiwango cha mara nane (8x) ni kizuri.

Kulainisha kingo kunaondoa meno ya msumeno kwenye nyaya za umeme na ukingo wa paa. Ukilainisha kupita kiasi, picha inakuwa kama unaitazama kupitia chandarua. Kipimo changu ni ubao wa njia panda: lazima niusome kabla ya kuufikia.

Umbali wa kuchora una hila yake. Mvua ikishika hapa Bukoba, kisiwa cha Musira kinapotea ziwani, na hakuna anayeshangaa, kwa sababu kimefifia polepole. Kinachoudhi ni mti unaochomoza ghafla mbele ya gari kama aliyekuwa amejificha. Upunguze umbali, lakini usifike mahali miti inapoanza kuchomoza.

Ukungu wa mwendo na ule wa kufifisha vitu vya mbali, vizime vyote viwili. Havimwonyeshi dereva kitu, vinamficha tu.

Picha ikionekana imekatwa kwa upana, sehemu ya juu hailingani na ya chini, washa V-Sync. Itaziunganisha, ila mkono utaitikiwa kwa kuchelewa kidogo. Kwenye lori huo si mzigo. Kwenye gemu la mpira ni mzigo, kwa sababu pasi inaondoka baada ya beki kufika. Huko afadhali uweke kikomo cha fremu, ushushe ubora wa mashabiki jukwaani, ubaki na mpira. Hata ukiwa uwanjani Kaitaba, goli likinukia humwangalii aliyekaa upande wa pili.

Mwili wa mashine

Laptopu inayotumia grafiki ya ndani ya prosesa huazima RAM ya kompyuta nzima. Kwa sababu hiyo vijiti viwili vya GB 4 mara nyingi hushinda kijiti kimoja cha GB 8: njia za kupitishia data zinakuwa mbili. Kabla ya kununua mashine nyingine, muulize fundi kama yako ina nafasi ya kijiti cha pili.

Na umeme. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa kutoka Uganda, na kukatika kwake tunakujua vizuri. Umeme ukikatika, laptopu inahamia kwenye betri na kujibana nguvu, na mipangilio iliyokuwa inateleza inaanza kukwama. Andaa mipangilio ya pili, ya betri: fremu 30, vivuli chini, vioo chini. Kikomo cha fremu kinapunguza joto pia, na mashine isiyochemka haipunguzi mwendo katikati ya safari.

Ukimaliza, funga menyu uendeshe saa nzima, mjini na nje ya mji, kwenye jua na kwenye mvua ya humo ndani. Wenye kahawa hawakitikisi kiganja cha juu ya jamvi tu. Wanaingiza mkono hadi chini, kwa sababu unyevu hujificha huko.