Kabla Hujainunua Fremu ya Chuma, Itazame Nyuma

Muuzaji wa baiskeli za mtumba atakusifia rangi, kisha ataligonga bomba la juu usikie linavyolia. Mwache amalize, halafu ipindue baiskeli magurudumu juu, uangalie pale ekseli ya nyuma inaposhikwa. Fremu inayokatika bila kugongwa na gari mara nyingi huanzia hapo, sentimita moja au mbili kutoka kwenye kile chuma bapa chenye mdomo kinachobanwa na nati. Upande wa cheni ndio wa kuutilia shaka kwanza.

Mzigo wa keria karibu wote unakaa nyuma, na mwendeshaji naye hulalia huko. Kila anapokanyaga pedali, cheni inavuta na bomba linapinda kidogo mno, kisha linarudi. Bomba ni jembamba, linakubali kupinda. Chuma bapa ni kinene, kinakataa. Pale vinapokutana ndipo chuma huchoka.

Kwa hiyo kazi nzuri utaijua kwa jinsi unene unavyopungua polepole. Shaba ya njano iliyounga bomba na chuma bapa iwe imetiririka ikajaza kona, bila ngazi. Chomeo lenye sura mbaya naweza kulisamehe. Mtaro mwembamba uliokula bomba kando yake, hapana. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, chuma karibu 1,500, na fundi wa gesi mwenye haraka anaweza kuliunguza bomba kabla shaba haijatulia.

Sasa tafuta mstari wa kutu mwembamba kama unywele, unaozunguka bomba. Upitishie ukucha: rangi iliyochubuka inateleza, ufa unanasa.

Legeza nati. Gurudumu litoke na kurudi bila kulazimishwa. Fremu yenye nafasi ya milimita 120 kati ya vyuma bapa ikitanuliwa ipokee ekseli ya 130, na vile vyuma bapa visinyooshwe tena, vinabaki vimekaa upande. Ukikaza nati tu umeshaivuta fremu, hata kabla hujapanda.

Iliyokwisha kuchomelewa? Kiraka kinene kilichokatwa mraba huuhamishia ufa ukingoni mwake. Kilichochongwa ncha, juu ya ufa uliotobolewa tundu mwishoni usizidi kukimbia, hicho nitakilipia, kwa baiskeli ya kwendea sokoni. Ya kubebea magunia ya mkaa ibadilishwe bomba zima.