Nyeupe Kwenye Njia ya Matairi

Video ya gereji moja ya Dar es Salaam ikiwekwa marumaru imezunguka kwenye simu za mafundi mwezi mzima, kwa hiyo siisimulii yote. Naenda moja kwa moja pale fundi alipokuwa amemaliza kupanga marumaru kavu, bila gundi, sakafu nzima, kisha akaambiwa abadilishe rangi za njia za matairi. Fundi alikuwa amepatia. Sakafu ile iliharibiwa kabla mfuko wa kwanza wa gundi haujafunguliwa.

Rudisheni video nyuma muutazame ule mpangilio wa kwanza, maana haukuwa wa kubahatisha. Gereji ina upana wa karibu mita 3.9. Fundi alichukua marumaru za sentimita 30 kwa 30, zote mati, yaani zisizong'aa, akapata safu kumi na tatu kutoka ukuta hadi ukuta, akazigawa tatu, mbili, tatu, mbili, tatu. Pembeni na katikati aliweka kijivu mpauko; zile safu mbilimbili, kijivu cha makaa. Pimeni kutoka katikati ya njia moja ya makaa hadi katikati ya nyingine: mita moja na nusu. Sasa chukueni gari dogo la Kijapani kama yale yaliyojaa barabarani kwetu, IST, Corolla, hata Noah ya zamani. Mengi ya hayo upana wake ni mita 1.695, kwa sababu kule Japani gari likizidi mita 1.70 linahamia daraja jingine la usajili, na watengenezaji walibana bodi chini ya kipimo hicho kwa miaka mingi. Gari la upana huo, tairi la kushoto na la kulia yanaachana kwa takriban mita 1.45 hadi 1.48. Maana yake kila tairi linakanyaga karibu katikati kabisa ya njia yake ya sentimita 60. Hata Prado, ambayo matairi yake yanaachana kwa karibu mita 1.58, inahama sentimita nne tu kila upande na bado imo ndani ya makaa.

Huo ndio uchoraji wa sakafu ya gereji. Rangi inafuata gari. Dereva akiingia usiku akiwa amechoka, zile njia mbili zinamwonyesha pa kupita. Gari likitoka, uchafu wa matairi umebaki kwenye rangi inayoweza kuubeba.

Halafu anaingia msimamizi na marumaru moja nyeupe ya 60 kwa 60, ile ya kung'aa, anailaza juu ya njia ya kulia. Taa imewashwa. Marumaru inarudisha mwanga hadi darini, na waliosimama mlangoni wanaanza kusifia. Fundi anainama, anaondoa vipande vinne vya makaa, anaweka nyeupe moja mahali pake, anapangusa mikono. Hasemi kitu. Mtazameni uso pale: anajua. Dakika chache baadaye njia zote mbili ni nyeupe, na baadhi ya makaa yamehamishiwa katikati na pembeni, yaani mahali ambapo tairi halifiki.

Yaliyopotea pale ni mambo matatu, na rangi ni moja tu kati ya hayo.

La kwanza ni alama za mpira. Weusi wa tairi unatokana na masizi ya kaboni yaliyochanganywa ndani ya mpira, na gari likiwa limesimama ukazungusha usukani, tairi linasugua sakafu na kuacha ule upinde mweusi mnaoufahamu. Gereji ya gari moja haina nafasi. Usukani unazungushwa papo hapo kila siku. Ongezeni vumbi la breki, tope la masika na tone la oili. Vyote hivyo vinaangukia kwenye njia za matairi na kandokando yake. Na porselini iliyosuguliwa ikang'aa, kama ile nyeupe, haijifungi kama wauzaji wanavyodai. Ni kweli porselini hunywa maji kidogo mno, haivuki asilimia 0.5, lakini ule msuguo wa kuing'arisha hufungua vitundu vidogo sana juu yake, na uchafu hujificha humo. Kwenye makaa mati usingeuona. Kwenye nyeupe utaufuta hadi mwakani.

La pili ni utelezi, na hapa nina ugomvi wa siku nyingi na maduka yetu. Wajerumani walitunga kipimo, DIN 51130: mtu anavaa viatu vya kazi, anatembea juu ya ubao uliomwagiwa mafuta ya injini, ubao unainuliwa kidogo kidogo hadi ateleze. Daraja la R9 ni mwinamo wa kati ya nyuzi 6 na 10 tu. R10 inafika nyuzi 19, R11 nyuzi 27. Kipimo hicho kimefanywa kwa oili, kana kwamba waliifikiria gereji, na bado mteja wetu akiingia dukani anaonyeshwa jinsi marumaru inavyorudisha taa. Mati zile za 30 kwa 30 boksi lake linaonekana kwenye video: R10. Boksi la nyeupe nimelitazama kwa kusimamisha picha, halina R yoyote.

La tatu halikusemwa na yeyote, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Ukiondoa vipande vinne vya 30 ukaweka kimoja cha 60, umefuta msalaba wa grauti uliokuwa katikati ya njia. Ile mistari ndiyo iliyokuwa ikilipa tairi lenye maji mahali pa kushika, na kukipa kisigino cha mtu anayeshuka garini mahali pa kukwama. Kwa marumaru moja tu umeongeza mng'ao na umepunguza mishiko, tena mlangoni, ambapo mvua inaingia na gari.

Hoja ya waliobadilisha naijua: gereji haina dirisha, nyeupe inaleta mwanga. Mwanga wa gereji utafutwe darini na ukutani. Kuta zile zimepigwa rangi ya krimu iliyokolea, dari ni kijivu, wangeanzia huko. Na ule mpauko wa pembeni ulikuwa unarudisha mwanga wa kutosha kumwezesha mtu kuokota nati iliyodondoka, bila kumchoma macho.

Mafundi wa zamani wasingelijadili hili. Ile sakafu nyekundu ya saruji iliyokuwa kwenye nyumba nyingi za bara, rangi yake ni oksidi ya chuma, kitu kilekile kinachoufanya udongo wa huko uwe mwekundu. Vumbi la nje likiingia ndani linakuta ndugu yake. Watu wale hawakuwa na katalogi, walitazama kwanza kitakachoingia kwa mlango ndipo wakachagua rangi. Na mafundi wa terazo, ambao kazi yao bado ipo kwenye nyumba za zamani za Dar es Salaam, walitenganisha rangi kwa vipande vyembamba vya shaba au kioo, pindo lililokolea likazunguka ukuta na kuvuka mlango, pale panapokanyagwa na kuchafuka, na rangi nyepesi ikakaa katikati palipo salama. Terazo inasuguliwa upya, marumaru iliyokosewa haisuguliki. Ndiyo maana nasema kila mara kwamba fundi wa marumaru anahitaji umakini zaidi kuliko fundi wa terazo, na tunampa nusu ya muda.

Kazi nyingine kwenye video ni safi. Mstari wa katikati ulivutwa kutoka mlangoni, haukuvutwa kutoka ukuta wa nyuma. Pembe zilihakikiwa kwa kanuni ya tatu-nne-tano. Mteremko unaelekea nje. Gundi ilipakwa kwa mwiko wa meno sakafu nzima, hakuna yale mabonge matano yanayoacha uwazi chini ya tairi. Vipande vilivyokatwa vilipelekwa nyuma, na mlangoni pakawekwa marumaru nzima.

Nashukuru pia hawakuweka dama. Nyeusi na nyeupe kwa kupokezana inapendeza ukumbini. Kwenye gereji ya gari moja, gari likishaegeshwa unabaki na ukanda wa miraba pembeni ambao haumwelezi mtu chochote, na nusu ya miraba inaonyesha vumbi huku nusu nyingine ikionyesha oili.

Bado kuna grauti. Waliweka nyeupe ya saruji kila mahali, hata kati ya makaa na makaa. Grauti ya saruji inanyonya. Tone la oili likishaingia halitoki. Kwa fedha ileile iliyonunua nyeupe za kung'aa wangepata epoksi ya kijivu kwa zile njia mbili tu.

Kwa mwenye gereji ile, na kwa yeyote aliyekwisha kuiga, sakafu nzima haina haja ya kubomolewa. Njia ni safu iliyosimama peke yake: kata grauti ya kingo mbili kwa grenda, anza kung'oa upande wa mlangoni, safisha gundi yote ya zamani. Nyeupe za 60 ni nene kuliko mati za 30, kwa hiyo kitanda cha gundi lazima kipandishwe kidogo, na pimamaji iwekwe kutoka ukingo hadi ukingo wa njia kila baada ya vipande viwili. Yale makaa yaliyozidi, kabla ya kuongeza mengine, linganisheni namba ya toleo kwenye boksi. Makaa ya toleo jingine yakiingia katikati ya njia, tofauti itaonekana mchana wa kwanza mlango ukifunguliwa.