Kiuavijasumu Huua Nini?

Neno kiuavijasumu limekwisha kuenea katika vitabu vya afya na vya mifugo, wala si nia yetu kulibeza. Lakini istilahi haipimwi kwa kuenea kwake tu. Hupimwa pia kwa yale inayomfanya msomaji ayatende.

Tumchukue mkulima wa Kilwa Kivinje. Mbwa wake si "mnyama kipenzi", kama wafasiri wetu wapendavyo kuandika, bali ni mlinzi wa shamba dhidi ya nyani na nguruwe pori. (Kipenzi ni paka, alalaye mkekani.) Mbwa huyo akiugua, dawa iliyo karibu ni oksitetrasaiklini iliyobaki chupani baada ya kutibiwa mbuzi, au kapsuli za rangi mbili zilizosazwa na mgonjwa wa nyumbani. Chupa ina onyo juu ya maziwa na nyama. Mbwa hakamuliwi wala haliwi, basi hakuna la kumsitisha mtu.

Hapo ndipo jina la dawa lilipopaswa kusema, nalo lasema "sumu". Hivyo hata mbwa aliyekula sumu ya panya aweza kudhaniwa kuwa anastahili dawa hiyo! Tena "kijasumu" hakitenganishi bakteria na virusi. Kosa hili si dogo katika mkoa wa Lindi, uliokuwa ndani ya mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 2010 ili kutokomeza kichaa cha mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki na kwingineko nchini. Kichaa huletwa na virusi. Aliyeumwa huosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha huwahi chanjo. Kiuavijasumu hakizuii kichaa hata kidogo.

Na hiyo "kiua" nayo ina walakini: oksitetrasaiklini kwa kawaida haiui bakteria, huwazuia kuongezeka, kazi iliyobaki ikafanywa na mwili.

Afadhali waliounda "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", yaani UVIDA. Wamebainisha kwamba kilicho sugu ni kimelea, si mwili "uliozoea dawa" kama isemwavyo mitaani. Ila vimelea ni jamii pana, yenye kuvu na virusi ndani yake.

Kwa maoni yetu, vibandiko na vijitabu viandike "dawa ya bakteria". Neno hili halina madaha, lakini muuzaji wa duka la dawa Kilwa Masoko aweza kumwuliza mteja: je, mbwa wako ana bakteria, na nani amempima?