Migao Thelathini kwa Saa

Mtu akiketi kwenye meza ya poka katika kasino ya Las Vegas, atagawiwa karata mara thelathini hivi kwa saa. Kati ya hizo, mchezaji makini atacheza tano au sita. Zilizobaki atazitupa bila kinyongo. Sehemu kubwa ya saa, basi, inakwenda kwa kukaa tu. Mtandaoni meza moja humaliza migao sitini na zaidi katika muda huohuo, na kijana mwenye skrini pana hufungua meza nane kwa mpigo, asipate nafasi hata ya kukuna kichwa. Nikiambiwa nichague ufundi wa kuusifu, nitausifu ule wa kukaa.

Wala sababu yangu si ile ya sinema, zinazotuaminisha kwamba poka ya mezani ni elimu ya nyuso: jicho likipepesa, koo likimeza mate, siri imetoka. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, aliingia kasino ya Binion's Horseshoe kwa tiketi aliyoishinda mtandaoni kwa kiingilio cha dola 86, kucheza mashindano ya dunia. Mashindano ya mezani hakuwa amewahi kuyacheza. Mwisho wakabaki wawili, yeye na Sammy Farha, mzaliwa wa Beirut, mzoefu wa meza kubwa, sigara yake ya siku zote mdomoni bila kuwashwa. Karata za pamoja za mezani zikafunuliwa, shupaza tatu zikaonekana. Moneymaker alishika mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Alikuwa akingoja shupaza ya nne itoke, au namba zifuatane. Ya mwisho ikaja tatu ya kopa, isiyomfaa kitu. Akasukuma katikati chipu zake zote, zile sarafu bandia za kasino. Farha alikuwa na jozi ya tisa, yaani alikuwa mbele. Akamkazia macho, akamsemesha, akamchokoza kidogo aone kama atajibu. Mhasibu, miwani ya giza usoni na kofia kichwani, akatulia tuli. Farha akatupa karata.

Mkwara ule ndio unaokumbukwa kuliko dola milioni 2.5 zilizofuata. Mwaka ule washiriki walikuwa 839. Mwaka uliofuata wakawa 2,576, wengi wao wakitokea kwenye kompyuta zao. Nami kila nikiutafakari naona jambo lilelile: jicho la mzoefu lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye uso ule, na halikuona kitu.

Annette Obrestad wa Norway alikwenda mbali zaidi. Aliziba karata zake kwenye skrini, akacheza shindano la mtandaoni la watu 180, akazichungulia mara moja tu, na akashinda. Alichokuwa akisoma ni madau: nani ameweka kiasi gani, baada ya nani, kwa haraka au kwa kusita. Mwaka 2007, ikibaki siku moja atimize miaka 19, akatwaa pauni milioni moja London kwenye meza ya kweli. Las Vegas wasingemruhusu hata kukaa. Kule sharti uwe na miaka 21.

Kwa hiyo mtandao tusiudharau. Kule kila mgao unaandikwa, na maandishi hayo yana haki yake. Mwaka huohuo wa 2007 wachezaji wa tovuti ya Absolute Poker walichambua kumbukumbu za mtu mmoja aliyekuwa akicheza kana kwamba anaziona karata za wenzake, na kweli alikuwa akiziona. Ila hata mashine ina aibu zake. Mwaka 1999 watafiti waligundua kwamba programu ya kuchanganya karata iliyotumiwa na tovuti ya Planet Poker ilifuata saa ya kompyuta: ukijua zako mbili na tatu za mezani, zote zilizobaki waweza kuzitaja. Kasoro ikarekebishwa.

Mgawaji wa kasino yeye hutandaza karata kifudifudi, akazivuruga kwa viganja viwili, akazikusanya, akazipachanisha, akazikata, kila mmoja akimwona. Kabla ya kufunua za mezani huiweka kando ile ya juu, ili kama kuna aliyeitia alama asifaidike. Yote hayo ni kazi ya nusu dakika, na mikono ikizoea huwa tamu kuitazama kuliko mchezo wenyewe.

Sasa, kule kukaa. Umetupa karata zako, huna dau lolote pale, na hapo ndipo kazi inapoanza. Yule bwana wa kulia amefungwa mara mbili mfululizo; chipu alizokuwa akizipanga safi sasa zimelala ovyo, na karata zozote anaingia nazo. Mama wa mbele yake hajapandisha dau tangu uketi, kwa hiyo akipandisha, kimbia. Mtandaoni mtu akikuudhi unahama meza kwa kubofya. Hapa aliyekula pesa zako anakuuliza habari za watoto, nawe unamjibu kwa adabu, unangoja zamu yako, hutamki ulichokitupa hata kikikuuma. Waliokulia kwenye baraza za karata za Pwani wanaujua mtihani huo, ingawa kwao haikuchezwa pesa. (Kwa wasomaji wengi kamari ni haramu, na wengine wameona ilivyokula nyumba za watu. Sibishani nao; ninachosifu ni utulivu.)

Novemba 2020 Daniel Negreanu, mkongwe wa mezani, na Doug Polk, mtaalamu wa mtandaoni, walianza kumaliza ubishi wao mmoja kwa mmoja, migao 25,000. Miambili ya kwanza waliicheza uso kwa uso Las Vegas, na Negreanu akatoka na faida. Iliyobaki ikahamia kwenye kompyuta. Hadi Februari Polk alikuwa amemla takriban dola milioni 1.2. Mwaka 2024 mkongwe akarudi kwenye viti, akaingia shindano la kiingilio cha dola 50,000 linalochanganya aina tisa za poka, akakaa siku kadhaa, akalishinda. Zawadi ilikuwa dola 1,178,703.