UCLA ya Wooden: kasi ilitangulia, warefu wakafuata

Kati ya 1964 na 1975, timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, maarufu kama UCLA, ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 katika misimu 12 chini ya kocha John Wooden. Wengi wakiulizwa sababu hutaja majina mawili: Lew Alcindor, ambaye baadaye aliitwa Kareem Abdul-Jabbar, na Bill Walton, wote wakiwa na urefu wa zaidi ya mita 2.10. Jibu hilo linaruka ubingwa wa kwanza, na humo ndimo siri ya timu ilimo. UCLA ilitawala kwa sababu ilijua kuamua mchezo uchezwe kwa kasi gani, na ujuzi huo ilikuwa nao kabla hao warefu hawajakanyaga chuoni.

Katika msimu wa 1963–64, hakuna aliyeanza kikosini akiwa na zaidi ya mita 1.96. Kwa timu fupi huo ulikuwa mtihani, hasa kwa kanuni za wakati ule. Vyuo havikuwa na saa ya kuwalazimisha wachezaji kurusha mpira ndani ya muda fulani. Ilikuja msimu wa 1985–86. Mpinzani aliyetaka mchezo wa polepole aliweza kukaa na mpira, akawasubiri warefu wake wajipange chini ya kikapu. Wooden, aliyefika UCLA mwaka 1948, alipenda mashambulizi ya haraka, lakini miaka 15 ilikuwa imepita bila ubingwa. Mbio zako hazina faida ikiwa mwenzako anakataa kukimbia. Kocha wake msaidizi, Jerry Norman, ndiye aliyeshikilia hoja kwamba timu ikabe uwanja mzima kwa kugawana maeneo.

Ukabaji huo ulianza mara tu UCLA ilipofunga. Mpinzani alikuwa na sekunde 5 za kuingiza mpira na 10 za kuvuka mstari wa kati. Gail Goodrich na Fred Slaughter walisimama mbele. Waliiacha pasi ya kwanza iingie, kisha wakamsukumia mwenye mpira pembeni, ambako mstari wa uwanja ulimbana kama mkabaji wa tatu. Wawili walipomzingira mikono ikiwa juu, njia iliyobaki ilikuwa pasi ndefu ya kupaa. Pasi ya namna hiyo huchelewa hewani, na nyuma yao Walt Hazzard na Jack Hirsch walikuwa tayari wameyasoma macho ya mpigaji. Wa mwisho kabisa alikuwa Keith Erickson, ambaye mwaka huohuo aliichezea Marekani mpira wa wavu katika Olimpiki ya Tokyo. Yeye alilinda kikapu na kudaka iliyowapita wenzake. Mipira mingi ilinyakuliwa hivyo, lakini faida kubwa ilikuwa kumharakisha mpinzani. Hata aliyevuka salama alivuka akihema, akarusha mapema kuliko alivyopanga. Na kwa kuwa ukabaji ulipangwa vizuri zaidi baada ya kufunga, kila kikapu kilifungua mlango wa kikapu kingine.

Fainali ya 1964 mjini Kansas City ilithibitisha hayo. Duke ilikuwa na wachezaji wawili wa mita 2.08, na ilikuwa mbele 30–27 katika kipindi cha kwanza. Ndani ya takriban dakika mbili na nusu UCLA ilifunga pointi 16 mfululizo. Mchezo uliisha 98–83, na UCLA ikamaliza msimu na ushindi 30 bila kupoteza hata mmoja. Kenny Washington, aliyetokea benchi, alifunga pointi 26 na kudaka ribaundi 12. Pale ambapo mtu wa akiba anaingia na mashine haipungui nguvu, kuna kazi iliyofanyika mazoezini.

Kazi hiyo ilikuwa ya kina. Siku ya kwanza ya mazoezi Wooden aliwafundisha wachezaji kuvaa soksi, wakilainisha mikunjo kwenye kisigino na vidole, kwa sababu mkunjo huzaa lengelenge, na mwenye lengelenge hawezi kukaba uwanja mzima. Watafiti Roland Tharp na Ronald Gallimore walipomfuatilia msimu wa 1974–75, waliandika matendo yake zaidi ya 2,300 ya ufundishaji. Takriban robo tatu yalikuwa maelekezo ya nini kifanywe na namna ya kukifanya. Sifa na lawama zilikuwa chache.

Wapo watakaosema kwamba bila Alcindor na Walton mataji yangekuwa mawili matatu. Ni kweli wawili hao waliongeza idadi: Walton alifunga mitupo 21 kati ya 22 katika fainali ya 1973. Hata hivyo, mataji ya 1964, 1965, 1970, 1971 na 1975 yalipatikana bila yeyote kati yao uwanjani. Hayo ni nusu ya yote. Wengine hutaja msaada ambao mfadhili Sam Gilbert aliwapa wachezaji kinyume cha kanuni. Hilo ni doa la kweli, na UCLA iliadhibiwa mwaka 1981, lakini ukaribu wake na wachezaji ulianza baada ya taji la kwanza, hivyo haliwezi kueleza chanzo. Hoja nzito zaidi ni kwamba bingwa wa 1964 alihitaji kushinda mechi 4 tu za mashindano, ilhali wa leo huhitaji 6. Lakini hadi 1974 kila ligi iliingiza timu moja pekee. Mwaka 1966 Oregon State ilitwaa ligi ya UCLA, na bingwa mtetezi akabaki nyumbani.

Kwa hiyo kocha wa chuo anayelalamika kwamba hana warefu aisome UCLA kuanzia 1964. Alcindor aliingia katika nyumba iliyokwisha kuezekwa. Waliojenga ni wachezaji watano wasiofika mita mbili, kocha msaidizi aliyesikilizwa, na mazoezi ambayo hayakupuuza hata soksi.